Soma Habari Kuanzia Chini: Ushauri wa Mhariri wa Zamu ya Usiku

Watu wakijua niliwahi kufanya kazi chumba cha habari, huniuliza swali moja kwa hasira: kwa nini mnatudanganya? Jibu langu huwaudhi zaidi. Mara nyingi hatudanganyi. Stori nyingi zilizopita mezani kwangu zilikuwa za kweli, majina yameandikwa sawasawa, idadi zimehakikiwa. Kinachokukera msomaji hufanyika kabla habari haijakufikia. Kuna mtu aliamua hii iingie na ile itupwe. Halafu kuna mtu aliipa kichwa. Mimi nilikuwa huyo wa pili, na siku mkuu wa dawati, yaani meza ya wahariri, asipokuwepo nilikuwa huyo wa kwanza pia.

Kwa hiyo ukitaka kusoma habari bila kuchezewa akili, usihangaike kwanza kusaka uongo. Fumua kazi ya hao watu wawili, ukianza na wa mwisho. Ninavyofanya mimi, na bado ninafanya ingawa niliacha kazi ile zamani, ni hivi.

Kichwa kiache mwisho

Wasomaji wengi hawajui kwamba mwandishi aliyekwenda kwenye tukio siye anayeandika kichwa cha habari. Yeye hutuma stori yake na kwenda kulala. Kichwa huandikwa na mhariri aliyekaa ofisini, ambaye hakuwepo, amepewa nafasi ya maneno sita au saba, saa ya kufunga ukurasa imekaribia, na anajua maneno hayo ndiyo yatakayomfanya mtu anunue gazeti au abofye. Ndiyo maana utakuta kichwa kinapiga kelele huku stori yenyewe ikizungumza taratibu.

Fungua stori, usikodolee kichwa, shuka moja kwa moja hadi aya ya mwisho, kisha panda kwenda juu. Kuna sababu ya kikazi. Habari za kawaida huandikwa kwa kuweka kizito juu na chepesi chini, ili nafasi ikipungua mhariri akate kuanzia mkiani bila kuharibu kitu. Maana yake ni kwamba chini kabisa ndiko kunakobaki yale ambayo dawati liliona yanaweza kukosekana: takwimu za mwaka uliopita, mtaalamu asiyekubaliana na wenzake, msemaji aliyekanusha, historia ya ugomvi wenyewe. Sentensi inayoanza na “Hata hivyo” huishi huko chini. Mimi huisoma hiyo kwanza. Mara nyingi ndiyo habari yenyewe.

Ukifika juu, soma kichwa, ujiulize: mtu aliyesoma stori yote kwa utulivu angeweza kukiandika hiki? Kama hapana, kiandike upya. Sitanii, kiandike, hata kichwani tu: nani kafanya nini, wapi, lini, na nani aliyesema hivyo. “HOFU YATANDA UGONJWA WA AJABU UKIZUKA” kinakuwa “Watu wanne walazwa na homa, vipimo bado havijatoka, asema daktari.” Utaona jinsi mapigo ya moyo yanavyoshuka. Ukishindwa kukiandika upya kwa sababu stori haikukuambia nani aliyesema, umeshapata jibu.

Itakusaidia kujua msamiati wa dawati, kwa sababu tunatumia maneno yaleyale kila siku. “Hofu yatanda” ni watu wawili waliomwambia mwandishi kwamba wana wasiwasi. “Mazito yaibuka” ni kwamba kuna karatasi mpya ambayo hatujaimaliza kuisoma. “Avunja ukimya” ni mtu aliyepigiwa simu akapokea. “Siri yafichuka” mara nyingi ni jambo lililokuwa kwenye ripoti ya umma miezi mitatu, hakuna aliyeifungua. “Wacharuka” ni maoni kadhaa ya mtandaoni. Na “yadaiwa” ni mhariri anayejikinga na mahakama. Ukilikuta, tafuta anayedai ni nani, na kama hatajwi popote, funga ukurasa uendelee na shughuli zako.

Kichwa chenye alama ya kuuliza nacho kina kanuni yake. Mwanahabari wa Uingereza Ian Betteridge aliandika mwaka 2009 kwamba kichwa chochote kinachoishia kwa swali kinaweza kujibiwa “hapana”. Si sheria ya maumbile, lakini huwa inapatia. Tungekuwa na uhakika tusingeuliza.

Usidhani lugha hii ni tabia mbaya ya wahariri wachache. Inalipa. Mwaka 2023 watafiti walichapisha uchambuzi wa vichwa zaidi ya 100,000 vilivyojaribiwa na tovuti ya Upworthy, ambayo ilikuwa ikiipa stori moja vichwa kadhaa na kupima kipi kinabofywa zaidi. Kwa kichwa cha urefu wa kawaida, kila neno hasi lililoongezwa liliinua kiwango cha kubofya kwa asilimia 2.3, na maneno ya furaha yalikishusha. Kwako asilimia 2.3 ni kitu kidogo. Kwa tovuti yenye wasomaji mamilioni ni mshahara wa watu. Wewe unayelalamika na wewe unayebofya ni mtu yuleyule, na ofisi inamsikiliza yule anayebofya.

Uliza imechaguliwa kwa nini

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo watu wengi hawafiki.

Mwaka 1965 wanazuoni wawili wa Norway, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walichapisha utafiti wa jinsi magazeti manne ya nchi yao yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Kuba na Kupro. Wakaorodhesha vigezo 12 vinavyolipa tukio nafasi ya kuwa habari. Baadhi yake: liwe limetokea ghafla na kuisha ndani ya mzunguko mmoja wa gazeti, liwe baya, liwahusu wakubwa au mataifa makubwa, liwe na mtu mmoja wa kumwonyesha kidole au kumhurumia, lieleweke bila maelezo marefu. Waliokuja baadaye, wakina Tony Harcup na Deirdre O’Neill, wameipanga upya orodha hiyo, na mwaka 2017 wakaongeza kigezo ambacho mwaka 1965 kisingewezekana: kwamba watu watasambaziana.

Hakuna mhariri niliyefanya naye kazi aliyewahi kuisoma orodha hiyo. Wote waliifuata. Kikao cha asubuhi huchukua nusu saa, mezani kuna mamia ya taarifa, na anayependekeza stori lazima aieleze kwa sentensi moja. Stori isiyoingia katika sentensi moja hufa pale pale, hata iwe na maana kiasi gani.

Mfano ambao siachi kuurudia ni wa Juni 2023. Tarehe 14 boti ya uvuvi iitwayo Adriana ilizama baharini nje ya pwani ya Ugiriki, upande wa mji wa Pylos, ikiwa na wahamiaji wanaokadiriwa kufikia 750. Waliookolewa ni 104. Siku nne baadaye chombo kidogo cha kuzamia, Titan, kilipotea Atlantiki kikiwapeleka watu watano kuyatazama mabaki ya Titanic. Kwa siku zilizofuata ulimwengu mzima ulihesabu saa za oksijeni zilizobaki, 96 kisha 70 kisha 40, hadi mabaki ya chombo yalipopatikana tarehe 22.

Kwa nini Titan ilipewa nafasi kubwa kuliko Adriana? Watu hulieleza hili kwa neno moja: ubaguzi. Sibishi kwamba umo. Maskini asiye na jina hana bei sokoni. Lakini angalia pia mengine. Watano wale walikuwa na majina na picha tangu saa ya kwanza. Wa Adriana wengi hawakuwa hata kwenye orodha ya abiria, kwa sababu orodha haikuwepo. Titan ilikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma, maana yake kila saa ina kichwa kipya. Adriana ilipoingia kwenye habari ilikuwa imeshazama. Kwa dawati, tukio lililokwisha ni taarifa moja. Tukio linaloendelea ni taarifa arobaini. Ukishaliona hilo hutashangaa tena kwa nini mtoto mmoja aliyetumbukia kisimani huwashika watu wiki nzima na mafuriko yaliyokwisha hayawashiki.

Basi ukikutana na stori iliyotawala kila mahali, jiulize maswali haya, bila kufuata mpangilio: Je, ina saa inayohesabu? Ina sura ya mtu mmoja? Ina video? Ina mkubwa ndani yake? Ukiviondoa vyote hivyo, kinachobaki kina uzito gani? Kisha fanya kitu ambacho wahariri hawatarajii ukifanye: tafuta nini kingine kilitokea wiki hiyo. Fungua kurasa za ndani. Soma aya fupi za pembeni zisizo na picha, zile tulizokuwa tukijazia nafasi. Sheria zinazopita bungeni usiku huishia huko.

Mara mbili ya ngapi?

Habari za afya zina ujanja wao, na huu umeumiza watu kweli. Oktoba 1995 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilitoa onyo kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vya kizazi cha tatu, vipya wakati ule, vinaongeza hatari ya damu kuganda mara mbili kuliko vile vya zamani, yaani kwa asilimia 100. Vyombo vya habari vikalichukua kama lilivyo. Wanawake wengi wakaviacha vidonge. Mwaka uliofuata utoaji mimba England na Wales uliongezeka kwa takriban 13,000.

Sasa uliza: mara mbili ya ngapi? Kwa wanawake 7,000 waliotumia vidonge vya zamani, mmoja hivi alipata tatizo hilo. Kwa 7,000 waliotumia vipya, wawili. Asilimia 100 ni ya kweli, na mmoja zaidi kati ya 7,000 nayo ni ya kweli. Ya kwanza iliingia kwenye kichwa. Na ujauzito wenyewe una hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vidonge vile.

Mwaka 2015 ikawa zamu ya nyama za kusindikwa, kama soseji. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilisema kula gramu 50 kwa siku kunaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Magazeti yakaandika kwamba soseji ni hatari sawa na sigara, kwa kuwa vyote viwili viko kundi la kwanza. Kundi hilo hueleza ushahidi una nguvu kiasi gani kwamba kitu kinasababisha saratani; halisemi kinaua kiasi gani. Na asilimia 18 juu ya hatari ya watu watano hivi kati ya 100 maishani inakuwa karibu watu sita kati ya 100. Punguza soseji ukipenda. Usilale macho wazi.

Ukiona “yaongezeka mara tatu”, “maradufu”, “kwa asilimia 60”, simama. Tafuta idadi ya mwanzo. Ikikosekana, stori haijakamilika, iwe imetolewa na gazeti la heshima kiasi gani.

Vyombo kumi, chanzo kimoja

Hili ni fupi. Watu husema “imetangazwa kila mahali, lazima ni kweli”. Angalia mwanzo au mwisho wa stori kama kuna jina la shirika la habari: AP, lililoanza mwaka 1846, Reuters, la mwaka 1851, au AFP. Redio, magazeti na tovuti hulipia huduma zao na kuchapisha stori ileile, nyingine bila kubadilisha koma. Hesabu vyanzo, usihesabu vyombo. Kama wote kumi wanamnukuu ofisa yuleyule aliyeomba asitajwe jina, una mtu mmoja.

Tukio likiwa bado moto

Mama yangu mdogo huacha televisheni wazi tangu asubuhi. Siku moja alinipigia simu, sauti imekauka: “Mwanangu, dunia imekwisha.” Nikamuuliza, “Kwani wamesema nini, mama?” Akanisomea mstari unaopita chini ya skrini. Ulikuwa ni ule ule wa asubuhi, ameusoma zaidi ya mara ishirini, na kila mara akidhani ni jambo jipya. Nilimwambia azime, aangalie taarifa ya usiku tu. Akanijibu, “Na kama kuna kitu kikitokea katikati?” Nikamwambia kikitokea, na kama ni kikubwa, majirani watamwambia. Hakufurahia, lakini alizima.

Kituo cha habari cha saa 24, mtindo uliofungua mlango CNN ilipoanza Juni 1980, kina saa 24 za kujaza hata siku ambayo habari ni za saa moja. Nafasi inayobaki hujazwa kwa marudio, ubashiri na wachambuzi. Wachambuzi ni bei nafuu kuliko kumtuma mwandishi.

Saa za mwanzo za tukio ndizo zenye makosa mengi. Januari 2006 wachimbaji 13 walikwama baada ya mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Sago, West Virginia, Marekani. Usiku zikavuma taarifa kwamba 12 wamepatikana wakiwa hai. Familia zikashangilia, kamera zikawaonyesha, magazeti mengi yakaingia mitamboni na habari hiyo kwenye ukurasa wa mbele. Saa kama tatu baadaye ukweli ukatolewa: 12 walikuwa wamekufa, amepona mmoja. Hakuna mwandishi aliyetunga. Kila mmoja alimsikia mtu aliyemsikia mtu, na mitambo haikusubiri. Tuna methali ya hatari kwa kazi hii: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeisikia ikitumika kupitisha stori usiku.

Kwa hiyo tukio likiwa bado moto, soma mara moja upate jina la mahali na aina ya tukio, kisha rudi kesho yake. Idadi ya waliokufa, jina la mshukiwa na sababu, hivyo vitatu usiviamini wala usimtumie mtu mwingine siku ya kwanza. Arifa za simu zizime zote. Isipokuwa za hali ya hewa, ukiishi penye mafuriko au tufani.

Kisichotangazwa

Linganisha. Ajali ya ndege ikitokea utaijua popote ulipo. Ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya 3,000 kila siku, lakini hufa mmoja hapa, watatu pale, na hakuna ukurasa unaowakusanya. Upande wa pili, mwaka 1990 watoto zaidi ya milioni 12 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa milioni 4.9, mara ya kwanza kushuka chini ya milioni tano. Hakuna siku hata moja katika miaka hiyo ambayo mhariri angeweza kuandika “Leo wamekufa wachache kidogo kuliko jana.”

Simaanishi kwamba mambo ni mazuri na vyombo vya habari vinayaficha. Kinachokwenda polepole hupotea, kiwe kizuri au kibaya. Kwa haya hakuna kuvizia habari ya kila siku. Chagua mambo mawili au matatu yanayokugusa, maji, shule, deni la serikali, chochote, na mara moja kwa mwaka tafuta ripoti kamili ya wanaohesabu: ofisi ya takwimu, mkaguzi wa hesabu za serikali, mashirika ya Umoja wa Mataifa. Soma muhtasari na majedwali. Saa mbili zinatosha, na utajua zaidi kuliko aliyefuatilia vichwa mwaka mzima.

Ukitaka kulalamika

Kulalamika kwenye maoni chini ya stori ni kuwaongezea wabofyaji. Kumtukana mwandishi ni kumkosea, maana kichwa hakukiandika yeye. Andikia mhariri, au mhariri wa wasomaji, yule anayeshughulikia malalamiko yao, kama chombo kinaye. Barua ndefu hatukuzisoma, nakuambia wazi. Iliyofanya kazi ilikuwa kama hii:

“Mhariri, kichwa chenu cha jana kinasema dawa hii inaua. Aya ya nane ya stori inasema utafiti ulifanyiwa panya. Naomba kichwa kirekebishwe na marekebisho yaonyeshwe.”

Kichwa, sentensi inayokipinga, ombi moja. Barua hiyo haina pa kupenyea. Mhariri akiipuuza anajua ameipuuza, na nimewahi kuona moja ya aina hiyo ikisomwa kwa sauti kwenye kikao cha asubuhi, watu wakitazama meza.

Kabla hujaituma, piga picha ya skrini ya kichwa, tarehe na saa vionekane. Zikipita wiki mbili bila jibu, peleka nakala kwenye baraza la habari la nchi yako kama lipo. Wazo la mabaraza hayo ni la zamani, Sweden ilianzisha lake mwaka 1916, na mengi hupokea malalamiko bila malipo na bila wakili. Ambatisha ile picha, kwa sababu kufikia hapo kichwa cha mtandaoni huenda kimeshabadilishwa kimyakimya, na utaambiwa hakikuwahi kuwepo.